Mjomba Aligeukia Ukutani

Logan, Jumapili alasiri

Kwa dada yangu Fusi,

Kabla ya yote niambie goti lako linaendeleaje. Mara ya mwisho ulisema umeacha dawa za hospitali unalisugua mafuta ya nazi, nami nikanyamaza, maana ukishaamua umeamua. Wanao hawajambo? Yule nguruwe mweusi ameshazaa? Sisi huku ugenini Mungu ametuhifadhi. Semisi bado yuko kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, anarudi asubuhi ananuka damu na sabuni, analala kama gogo. Taiana naye ni mzima, amerefuka, miguu inakaribia kutoka nje ya kitanda. Baridi imeanza kuisha, ingawa mimi bado nalala na soksi na Semisi ananicheka.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, dada, inasikilizwa na nyumba nzima pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi, na hili silo la jirani. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Hata sasa naiandika nimesimama kwenye meza ya jikoni, kwa sababu nikikaa kiti kinanichoma. Nimeshafuta jiko ambalo halikuwa chafu. Basi nivumilie nikienda huku na huku, utafika tu.

Ni habari ya mimi na Tomasi, kaka yetu. Najua kuna mtu ameshaanza kukunong'oneza, maana watu wa kanisani huku midomo yao haina kufuli. Nataka uisikie kwangu.

Unajua kwamba Taiana alivunja ungo mwaka huu. Nilikuambia, ukacheka ukalia. Tangu hapo Semisi haingii bafuni mtoto akiwemo, na sihitaji kukueleza wewe kwa nini, baba ni baba. Kwa hiyo kumwogesha, kumbadilisha, kumnyanyua kitandani na kumrudisha, yote ni yangu. Mtindio wa ubongo haumzuii mtoto kukua, dada. Taiana sasa ananilingana uzito. Miguu yake ikikakamaa huwezi kuikunja, na mgongo wangu umeanza kuniita jina. Asubuhi nashika ukuta kwanza ndipo nasimama.

Serikali ya huku ina fungu lake kwa watoto kama huyu. Wanatoa kiti, wanatoa mashine ya kumnyanyulia, wanaleta hata wanawake wa kuja nyumbani kumwogesha. Sharti ni kwamba kwanza anakuja mtu kukuuliza maswali, na kwa majibu yako ndipo wanapima upate nini. Mimi Kiingereza changu kinaishia dukani. Cha Semisi ni cha machinjioni, nusu yake matusi. Nikamwomba Tomasi aje kutukalimania, na kila mtu akasema nimefanya la maana, maana Kiingereza cha Tomasi kimevaa tai.

Ungetuona siku ile ungejivunia. Nilimpaka Taiana mafuta mwili mzima, nikamsuka, nikamvalisha gauni la Pasaka. Nilipika majani ya magimbi na nyama kwa tui zito, na viazi vikuu, na kuku. Tomasi alikuja na koti na mkeka wake wa heshima kiunoni, ule mzuri wa marehemu baba, kama anakwenda kuonana na mfalme. Mama wa ofisini aliitwa Bronwyn, mrefu, amevaa viatu vya mazoezi. Alipoiona meza akashika kifua. Akala, akaongezwa, akala tena.

Halafu akaanza kuuliza. Anatembea? Hatembei. Anaongea? Haongei, ila anaelewa kila kitu, na ukimsengenya atakukazia macho. Hapo Bronwyn akacheka, mambo yakaenda vizuri. Mara akauliza jambo refu, na nikamwona Tomasi anakohoa. Akatazama dari. Akaniambia kwamba huyu mama anataka kujua kama mtoto ni msafi.

Dada, nilichukia. Nikamwambia Tomasi amwambie asogee amnuse mwanangu, kama atapata harufu yoyote isipokuwa ya mafuta ya nazi. Tomasi akageuza kwa Kiingereza, akasema maneno mawili, Bronwyn akaandika. Likaja swali jingine, Tomasi akakohoa tena, akaniuliza kama Taiana ana afya njema ya kike. Nilitazama sakafu nikasema ndiyo. Lingine, akaniuliza kama choo kinafanya kazi. Nikasema kinafanya kazi, fundi alikuja juzi tu. Nilielewa, dada, nisikudanganye. Kufikia swali lile la choo nilishaelewa kabisa kinachoulizwa, na yeye alijua kwamba nimeelewa, na wote wawili tukaona afadhali tufe na tai shingoni. Ndivyo tulivyolelewa, kwetu kaka na dada hawatajiani mambo ya mwili. Wewe mwenyewe ulinichapa nilipoanika nguo zangu za ndani mahali Tomasi angepita, na nilikuwa na miaka minane.

Bronwyn alipoondoka tulimfungia chakula. Tomasi alikuwa amelowa jasho mgongo mzima, akakaa chini akaanza kumlisha Taiana, kama afanyavyo kila Jumapili. Unajua huyu mtoto kwangu mimi anafumba mdomo kama kombe, lakini mjomba akishika kijiko anafungua kabla hakijafika. Tomasi humwambia yeye ni mtumishi wake tu, kwamba kwetu mtoto wa dada ana haki juu ya mjomba, akilitaka hata gari lake atampa, sharti amwachie redio. Na Taiana anacheka kile kicheko chake cha kurusha mikono mpaka chakula kinaruka.

Majibu yalipokuja, tulipewa kiti cha magurudumu, kizuri kwelikweli. Mashine hakuna. Msaidizi hakuna. Mwalimu wake Taiana, Philippa, ndiye aliyenieleza getini pa shule, polepole, kwa maneno machache na mikono mingi. Akaniuliza kwa nini tuliwaambia kuwa mtoto anajiogesha na kujihudumia mwenyewe chooni. Nilirudi nyumbani nikisukuma kile kiti kipya na mgongo unawaka, nikijiona mjinga wa mwisho.

Philippa ndiye aliyempigia simu Bronwyn, na Bronwyn, Mungu ambariki, akakubali kuja tena.

Tomasi nilimwambia mwenyewe, kwa simu, maana usoni nisingeweza. Nilimwambia kwamba safari hii nitajibu kila swali kama lilivyo, na sina mkalimani mwingine ila yeye. Akauliza tu niko tayari saa ngapi.

Safari hii hakuna aliyepika. Taiana alikuwa na fulana yake ya kulalia. Tomasi aliingia amevaa mkeka ule ule, akasalimia, akachukua kiti akakigeuza, akakaa kaelekea ukutani, penye picha ya baba na mama. Akamwambia Bronwyn aendelee, yeye anasikia. Bronwyn akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo hivyo.

Nikasema, dada. Niliukausha uso nikasema yote. Jinsi ninavyombadilisha, na mara ngapi, na kinachotokea nikichelewa. Siku zake zikija ninafanyaje, na jinsi anavyoogopa akiiona damu, kwa sababu hakuna namna ya kumwelewesha kwamba hajaumia. Nilisema vidonda alivyopata, na wapi. Na Tomasi akageuza kila neno. Kiingereza changu ni kidogo lakini nilikuwa nasikiliza, na hakuruka kitu, hakukohoa. Sauti yake tu ndiyo ilikuwa inashuka. Katikati akasimama bado katupa mgongo, akaufungua mkeka wa baba kiunoni, akaukunja, akauweka kando ya kiti, akakaa tena akaendelea. Hapo ndipo nilipotaka kunyamaza. Sikunyamaza. Taiana alikuwa ananikodolea macho muda wote.

Ilipokwisha aliuchukua mkeka akaushika kwapani, akatoka bila kumuaga mtu. Nilisikia gari halikuwaka kwa muda.

Tumepewa, Fusi. Mashine ipo juu ya kitanda cha Taiana, inamnyanyua kama mfuko wa unga na yeye anaona raha. Wanawake wanakuja asubuhi na jioni. Mmoja anaitwa Gurpreet, anamwimbia Kipunjabi akimchana nywele, na Taiana amempenda. Mgongo wangu umepoa. Ningekuwa na akili ningekuwa nimelala saa hizi. Badala yake nazunguka nyumba nzima na mikono yangu haina la kufanya.

Tomasi hajakanyaga hapa tangu siku ile. Kanisani anakaa mbele na kutokea mlango wa ubavuni. Watu wanasema nimemvua nguo kaka yangu mbele ya mzungu. Mama mchungaji aliniambia kwa upole kwamba labda ningengoja, ofisi zile zina wakalimani wa kike. Semisi alinitetea, akasema kwa ukali kwamba hatukuwa na njia nyingine, tuliuliza tukaambiwa hakuna.

Hapa ndipo nilipoichanachana ile karatasi ya kwanza.

Njia ilikuwepo. Philippa alipompigia simu, Bronwyn alimwambia kuwa yupo mwanamke wa Kitonga wa kukalimani, ila yuko mbali na ana kazi nyingi, tungoje hadi baridi iishe. Mimi ndiye niliyekataa. Mimi ndiye niliyewaambia Semisi na Tomasi kwamba hakuna mtu. Philippa nilimwomba asiseme, naye hajasema.

Sikungoja kwa sababu wiki ile nilimwangusha Taiana. Mgongo ulinikatika nikiwa nimemtoa kwenye maji, mikono ikaachia. Alijigonga kwenye ukingo wa beseni la kuogea, tukaanguka wote. Hakulia, ndilo lililoniua, alinitazama tu kama anaomba radhi. Sikuweza kusimama. Semisi alikuwa amelala chumba cha pili, ningepaza sauti kidogo tu angekuja. Sikumwita, dada. Mtoto alikuwa uchi. Nililala pale kwenye vigae vya baridi na mwanangu anatetemeka, nikiilinda heshima, mpaka nikaweza kutambaa na kulivuta taulo, nikamvuta nalo hadi chumbani. Doa jeusi la damu kuvilia limembaki ubavuni, na Semisi anadhani ni la mkanda wa kiti. Nilijua nikingoja baridi iishe nitamwangusha tena, na mara ya pili pengine atakuwa majini.

Ndiyo maana nilimchukua Tomasi nikamvunja mbele za watu, na sijutii, na sipati usingizi. Yote mawili ni kweli, usiniulize inawezekanaje.

Sikuandikii uniambie nilifanya vizuri. Hata nikijua kwamba nitakapokuja utanichapa kwa ule mwiko wako wa jikoni, nitakuja hivyo hivyo. Nakuandikia kwa sababu wewe ni mkubwa wetu, na Tomasi hajawahi kukuambia hapana tangu azaliwe. Leo tena Taiana amekataa kula. Gurpreet amejaribu, Semisi amejaribu, mimi nimejaribu. Jumapili zote ni hivi sasa. Anageuza shingo kuelekea mlangoni na kuifunga midomo yake, na chakula kinapoa. Mpigie kaka yako. Usimtajie bafu wala lile doa, kama litafaa kusemwa nitamwambia mimi. Mwambie tu kwamba mpwa wake anamwita. Haki ya kumwita ni ya Taiana, na Taiana hawezi kusema. Mimi nimeshasema kupita kiasi. Umebaki wewe.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na msalimie shangazi na wote wa nyumba ya juu. Semisi angekusalimu lakini anakoroma. Kesho naipeleka posta asubuhi Gurpreet akiwa hapa, kabla sijabadili nia. Kaa salama, dada, na goti hilo ulipeleke hospitali.

Mdogo wako akupendaye,
Lavinia