Wanasubiri Mjukuu, Nami Sina Mimba

Shangazi, shikamoo. Nisikilize taratibu, maana haya sijamwambia mtu. Mimi ni fundi wa mapazia, niliolewa mwaka jana, na kabla sijakutana na mume wangu nililazwa muda mrefu kwa ugonjwa wa kujinyima chakula, anoreksia kama alivyouita daktari, nikatibiwa, nikapona, miaka ikapita nakula kama watu, nikaona hakuna haja ya kumweleza mume, basi mama mkwe akaja kukaa nasi, akanishika mikono pale mlangoni, akasema, "Mkwe wangu, umenenepa, umependeza," na tangu siku hiyo chakula hakishuki, chai naimwaga, cha mchana nampa fundi mwenzangu, na nisikufiche, ilikuwa raha, nilikuwa kama naelea, nashona huku kitambaa cheupe kinajaa upepo wa dirishani na sauti za watu zinatoka mbali kama nimezama majini, mpaka nikazimia juu ya ngazi nikitundika pazia nyumbani kwa mteja nikaanguka, sikuumia, ila niliporudishwa nyumbani mama mkwe alinitazama akatabasamu, akamnong'oneza mwanawe, "Mwache alale. Hayuko peke yake huyo," mume wangu akakaa ukingoni mwa kitanda akanikanda miguu, macho yamemlowa, nami nikanyamaza, sina mimba, nimepima, na sasa mama anafuma kofia ya mtoto sebuleni, nakaa kando yake natazama uzi unavyokwenda, natamani iwe kweli. Nifanyeje?

Fundi Mapazia

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hukujitakia ugonjwa huu, na kuteleza baada ya miaka hakufuti kupona kwako. Lakini hiyo raha ya kuelea usinisifie. Hiyo ni njaa, na nusura ikuvunje shingo. Mama mkwe usimlaumu. Alikuwa anakusifu, hakujua kidonda kiko wapi. Ninapokugombeza ni hapa: umewaacha watu wanaokupenda washangilie kitu ambacho hakipo, na kila siku unayonyamaza inawaongezea maumivu.

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, mwite mumeo chumbani. Anza na ugonjwa, mimba ifuate. Mwambie, "Niliwahi kuumwa, na dalili zimerudi." Akilia, mwache alie. Kesho mwende nyote wawili kwa daktari aliyekutibu, au hospitali yoyote iliyo karibu, na useme kwamba ulizimia. Ngazi usiiguse mpaka akuruhusu. Kula mezani, na mtu kando yako, hata kama ni kidogo. Mama aelezwe na mwanawe, nawe ukiwepo. Habari ya mtoto, kama unamtaka kweli, utamuuliza daktari huyohuyo ukishapata nguvu.

Kunijibu mimi si lazima. Nenda kamwite mumeo.