Nimeweka Gesi Kwenye Gari la Marehemu Baba

Shangazi Verdell, shikamoo. Nakuandikia mikono ikiwa bado inanuka petroli, na kwa kuwa kila Alhamisi ukurasa wako gazetini ndio ninaoufungua kwanza kabla hata ya matangazo ya misiba, tafadhali usinitupe, nimekwama.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, naendesha basi la shule, na Baba alipofariki majira ya kuchipua aliniachia Monte Carlo lake, gari ambalo injini yake ni ile ile ambayo lilitoka nayo kiwandani, haijawahi kufunguliwa, na wewe unajua jinsi Baba alivyokuwa akijisifu kwenye uwanja wa mbio za magari kwamba gari lake halijawahi kunusa gesi ya kuongeza kasi. Funguo alinipa mimi mkononi, hakumpa kaka yangu Kendrell, na Kendrell hilo halijamtoka moyoni, basi siku tulipokuwa tunakaanga samaki kanisani kuchangisha fedha za paa akasimama na sahani yake mbele ya mashemasi na watu wote akasema, "Dada, hilo gari unalitembeza kama la kubebea maiti. Njoo uwanjani tukimbizane. Nikikupita, funguo ni zangu!" Na mimi kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Leta hicho kibati chako! Sawa kwa sawa, mashine tupu, hakuna cha gesi!" Watu wakapiga mayowe, hata mchungaji akaweka kijiko chini, na hapa kwetu neno ulilolisema mbele ya watu halimezwi tena.

Nilipofika nyumbani ndipo akili ikanirudia, maana hicho ninachokiita kibati ni Mustang ambalo Kendrell amelijenga upya kuanzia chini, na gari la Baba halitaona ila taa zake za nyuma. Nikamwambia Tavaris, fundi wa mabasi yetu, naye akacheka akasema, "Dada, weka kamtungi ka gesi. Nguvu za farasi mia tu, injini haitajua kitu. Na ule ubao wa kuonyesha muda wa mbio si wanauzima? Nani atakuona?" Ni kweli, usiku wa mbio za ugomvi, za watu wawili wanaomaliza deni lao, ubao huzimwa na kila mtu huficha alicho nacho, kuficha ni nusu ya mchezo wenyewe, lakini mimi nilitoa neno, Shangazi, nilisema mashine tupu, na bado nikamwacha Tavaris afiche mtungi chini ya tairi la akiba. Jumapili baada ya ibada tukaenda kulijaribu kwenye ile barabara ya misonobari, nikabonyeza kitufe, gari likaruka mpaka nikacheka peke yangu na machozi yakanitoka, halafu mwishoni kabisa nikasikia ndani ya injini mlio kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, nikaachia, mlio ukakoma. Tangu hapo linawaka vizuri tu, Tavaris anasema, "Ni plagi hizo, usiwe mwoga," lakini usingizi sipati.

Mbio ni Jumamosi hii. Siachi, Shangazi, hata ukiniambia niache nitakwenda, kwa sababu Kendrell akizipata funguo ataing'oa injini ya Baba siku hiyo hiyo na kuitupa majanini nyuma ya nyumba aweke nyingine, ameshasema. Ninachotaka uniambie ni kimoja: niitumie gesi au nisiitumie?

Mimi Mwenye Funguo, South Carolina

*

Mwenye Funguo, marahaba, na pole kwa msiba. Sasa kaa chini, nina maneno na wewe.

Usiitumie. Hilo ndilo jibu, na ningeweza kuishia hapo, lakini naona umezungukwa na watu wanaokucheka badala ya kukueleza. Gesi ya naitrasi haiwaki yenyewe. Kazi yake ni kuipa injini hewa nyingi ili petroli nyingi iungue kwa wakati mmoja, na petroli ikichelewa kufika, kinachoungua ni pistoni. Pampu ya petroli ya kiwandani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ringi za pistoni za kiwandani nazo zimeachiwa nafasi ndogo kati ya ncha zake, zikipata joto la ghafla ncha hizo zinakutana, zinakwama, zinavunja pistoni. Wapo wanaoweka gesi kwenye injini kama hiyo na kurudi nyumbani salama, ndiyo, lakini wao hubadilisha plagi, hurudisha nyuma muda wa cheche, na hupima petroli kabla ya kugusa kitufe. Wewe na Tavaris mmefanya lipi katika hayo? Mmefunga mtungi mkaenda kucheka msituni.

Na huo mlio wa misumari, mama, ni injini ya baba yako inayopiga kelele. Unaogopa Kendrell asije akaing'oa, na wewe mwenyewe unaichoma ikiwa ndani ya gari! Ungeshinda Jumamosi ukabaki na funguo za gari lisilowaka.

Nimekasirika, lakini nakuelewa. Ulitukanwa mbele ya watu kuhusu gari la mzazi wako, na damu nzito kuliko maji, nayo ndiyo inayochemka upesi. Sitakuambia uache. Nenda.

Ila nakuuliza, mtoto uliyekulia uwanjani, uliomba magari mangapi? Hukuomba! "Sawa kwa sawa," umesema, kama bingwa. Tangu lini gari la polepole likakimbizana na Mustang lililojengwa upya bila kuomba kutangulizwa? Mwenye gari lisilo na kasi huomba atangulie urefu wa magari mawili, matatu, matano, na mabishano hayo hayafungwi mpaka magurudumu yakanyage mstari. Si aibu. Baba yako aliomba, nilimsikia kwa masikio yangu nilipokuwa nikiuza tiketi getini, na alikuwa akiomba kwa sauti kubwa huku anatafuna karanga za kuchemsha. Alijisifu kuwa hatumii gesi, hakujisifu kuwa hana akili.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtungi utoke leo, na mabomba yake yote, usiache hata kipande. Kisha fungua plagi, zote, uzitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona kwenye kauri nyeupe vipunje vinavyometa kama fedha, hiyo ni pistoni imeanza kuyeyuka, na gari hilo Jumamosi halitoki nje, neno au hakuna neno. Zikiwa safi, mwambie fundi mwingine apime mgandamizo wa kila silinda. Mgandamizo ukiwa sawa, nenda uwanjani ukaombe magari matano, upewe matatu, ukanyage.

Na hayo ya plagi usiyafanye peke yako. Mwite Kendrell. Mwambie kabla ya kufungua chochote, "Nilisema mashine tupu, nikaweka gesi." Atafoka, na ana haki, mwache afoke mpaka achoke. Jina lake nimelibadilisha humu, lakini kila aliyekula samaki siku ile amekwisha kujua ni nani, kwa hiyo ni bora alisikie kwako kabla hajalisoma.

Mimi nimewaona watu wengi wakigombania magari uwanjani pale. Anayetaka gari zuri hununua. Kaka yako ana gari zuri, lenye kasi kuliko lako, na bado anataka hilo la zamani lisilo na kasi, na anatishia kuliharibu kwa sababu hakupewa. Gari baba yenu alikuachia wewe. Kufiwa mmefiwa wote wawili, na wewe ndiye uliyepewa kitu cha kushika. Mpigie simu leo.