Rudi kwa Mlango wa Mbuzi

Tarim,
Wadi Hadhramaut,
20 Oktoba 2018.

Mpendwa Ami Karama,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kuala Lumpur, na kwamba kile kikohozi ulichomtajia Baba kimekwisha. Sisi hatujambo, isipokuwa macho ya Bibi. Jicho la kulia limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kuingia ukungu.

Nimemaliza shule, Ami. Insha yangu ya mwisho ilihusu mkoa wetu na viwanja vyake vya ndege. Mwalimu alitaka niisome mbele ya darasa, nikaona haya, nikasingizia koo. Nikaja kuisoma nyumbani, kwa Bibi peke yake, akichambua tende.

Niliandika jinsi wazee wetu walivyotoka bondeni na ngamia, wakakata uwanda wa mawe mpaka bandari ya Mukalla, wakapanda meli. Niliandika kwamba tuna petroli, samaki, tende na asali ya Doani, lakini nyumba nyingi zimejengwa na jasho la waliosafiri.

Bibi akanikata kauli: "Hayo nayajua, mke mwenzangu. Niambie ndege."

Nikamsomea: uwanja wa Riyan, kule pwani Mukalla, umefungwa tangu vita. Seiyun, huku kwetu bondeni, unafanya kazi.

"Na mtu akitoka kwa Karama, anaweza kushuka hapo Seiyun?"

"Akipitia Kairo, Bibi. Ndizo zile ndege unazolalamika zinakupigia kelele."

"Mimi nikidhani zote ni za kwenda Aden!"

Unaijua amri yake kuliko mimi: msafiri hurudi kwa mlango aliotokea, la sivyo huacha bahati yake njiani. Wewe ulitokea Riyan, sasa mwaka wa tano, na kila ukipiga simu yeye hukwambia usubiri Riyan ufunguliwe. Nawe umetii. Baba akimtania, "Mama, hata marubani wanangoja ruhusa yako," humrushia kokwa ya tende.

Safari hii hakumrushia mtu kitu. Alisema polepole, "Babu yako alitokea Mukalla. Nilimngoja kwa mlango huohuo miaka kumi na tisa. Akazikwa Kuwait." Kisha akauliza, "Muzna, ule mlango wa mbuzi unafunguka?"

Mlango ule wa nyuma haukuwa umefunguliwa tangu tulipouza mbuzi. Nilihamisha magunia ya majani makavu, Baba akaipaka kufuli ya mti mafuta ya ufuta. Bibi alisimama pale akipapasa kizingiti.

"Mwandikie," akasema. "Seiyun ni mlango wa mbuzi, lakini nao ni mlango wa nyumba yangu. Aje kabla sijafikia kumjua kwa kumpapasa."

Ami, ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sauti yako naisikia kwenye simu, lakini uso wako ukicheka nimeanza kuusahau. Kwa simu nisingeweza kukwambia haya, ningeona haya.

Baba, Mama na Shangazi Khiyar wanakusalimu sana. Mungu akulainishie njia na akufikishe salama.

Tangu juzi mlango wa mbuzi haufungwi mchana. Ndege ikipita, Bibi hutia tangawizi kwenye kahawa, kisha hugeuza mkeka wake ukaelekea mlango ule.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka mno,
Muzna binti Faraj