Mdomo wa Mbung'o

Rudewa, Kilosa
14 Juni 1993

Mpendwa Kaka Ngolo,

Shikamoo. Habari za Magu? Kifua cha mama kimepata nafuu? Sisi wazima wa mwili, ila roho hazitulii. Naandika huku nikiinuka kila mara kuchungulia zizini.

Kaka, kama hujapakia ng'ombe wako kwenye treni ya kuja Kilosa, tafadhali usipakie.

Baada ya ugomvi na wakulima hapa Rudewa, ng'ombe wetu walipoingia mashambani, shemeji yako Seni alihamishia kundi letu upande wa Mikumi, akiyasifu majani ya huko. Nilipomfuata nikakuta ng'ombe wamekonda, manyoya yamesimama, machozi yanawatiririka. Nzi wamewaganda shingoni.

“Nzi tu hao,” Seni akaniambia. “Hata Magu wapo.”

Sikukubali. Nilinasa mmoja kiganjani, nikamkokota Seni hadi kwa Bwana Beda, bwana mifugo aliyefungua duka lake la dawa Mikumi, maana siku hizi dawa za serikali hazipo. Alimweka yule nzi chini ya kioo cha kukuzia, na nzi wa jikoni pembeni yake.

Mdomo wa nzi wa jikoni ni laini, mpana mwishoni kama sifongo. Hulamba tu, hauwezi kutoboa. Wa yule niliyemnasa, ambaye Bwana Beda alisema ni mbung'o, ni sindano iliyochomoza mbele ya kichwa, na nchani una vijino vya kukereza ngozi. Ndani mna vijia viwili, kimoja cha kuteremshia mate, kingine cha kufyonzea damu. Ugonjwa huu unaowakondesha ng'ombe huingia na hayo mate.

“Jike ndiye anayeuma, kama mbu?” Seni akauliza.

“Jike na dume,” akajibu Bwana Beda. “Wote chakula chao ni damu.”

Seni aliketi palepale sakafuni. Kisha akaniambia, “Mwandikie shemeji haraka.”

Tumewarudisha ng'ombe, wamechomwa dawa. Ila yule mwekundu uliyenizawadia nilipojifungua alianguka njiani, hakuinuka tena. Nimelia sana, kaka.

Wakulima wa hapa wanatuuliza tutaondoka lini, nami siwalaumu, mahindi ni yao. Leo Seni anataja Magole, kesho anataja kwingine. Nimemwambia sihami tena kabla sijakwenda mwenyewe kuwakamata nzi wa huko na kuwatazama mdomo.

Msalimie wifi Lea, na mama yetu Elizabeti mwambie namwota. Mungu alilinde zizi lenu na walio ndani ya nyumba.

Mdogo wako akupendaye daima,
Bernadetha