Swali Lililobadilishwa Baada ya Jibu

Kosa la wengi wanaoniandikia ni kutafuta namna ya kuomba radhi ambayo haitawalazimu kusema walichofanya. Wanataka niwape maneno mazuri. Barua ya leo ni ya aina hiyo. Majina nimeyabadilisha, mambo mengine nimeyaacha kama mwandishi alivyoyaleta.

*Mpendwa mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui nianzie wapi. Niko field, mafunzo ya chuo kwa vitendo, kwenye ofisi moja ya video hapa Mkuyuni, kazi yangu ni kushika kamera na kuhoji watu kwenye maonyesho ya teknolojia na matamasha ya muziki, na mwezi uliopita tulikwenda kwenye tamasha moja karibu na ziwa, vijana wanaonyesha programu zao za simu upande huu, jukwaa la muziki upande ule, na spika zote zimetugeukia sisi. Hapo nikamhoji Mzee Ndalahwa wa Misungwi, kiongozi wa kikundi cha ngoma ya majembe, ambaye mjukuu wake Sabina ametengeneza programu ya kuhifadhi nyimbo za kulimia za kikundi hicho, nikamuuliza babu anaionaje kazi ya mjukuu wake, akaanza kueleza vizuri sana, tena kwa kirefu, mara muziki ukapandishwa, nikaona kabisa kwamba sauti yake haiingii, na mama, nilishindwa kumwambia asubiri. Ni umri wa babu yangu. Kwetu ukimkatiza mzee unaulizwa umelelewa wapi. Nikawa naitikia tu, ehe babu, naam babu, mpaka akamaliza.*

*Ofisini nikakuta jibu lote ni kelele na hizo naam babu zangu. Lililosikika vizuri ni jibu moja tu, la wakati wanabadilisha msanii, nilipomuuliza kuhusu kikundi cha mjini kinachoiga ngoma yao mahotelini, naye akasema, "Hao tunawacheka tu. Jembe wanalirusha kama kofia, shamba hawalijui. Wachukue tu, watachoka wenyewe." Bosi wangu, kaka Bashiru, alikuwa anataka video ya teknolojia siku ileile, basi nikayakata maneno ya jembe, nikajirekodi nikiuliza, "Babu, vijana wanaoweka nyimbo zenu kwenye simu mnawaonaje?" na baada yake nikaweka jibu lile.*

*Video imetazamwa sana, watu wanatukanana, wengine wanasema wazee wana wivu, wengine wanamwambia Sabina amejipendekeza kwa watu wasiomtaka. Sabina alinipigia akauliza, "Dada, babu alisema hivyo kweli?" nikamjibu, "Ndivyo ilivyorekodiwa." Tangu hapo haendi kwa babu yake, na nyimbo ameacha kuzirekodi. Nilimtumia ujumbe kumwomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, hakujibu. Babu hana simu ya kutazama video, hajui lolote, na juzi amenitumia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini, na maagizo kwamba kwa kuwa mimi na Sabina ni vijana wa kazi moja nimsaidie kumuuliza, "Nimemkosea nini? Au nilimchosha kwa kuimba?" Ile michembe iko mezani, nashindwa hata kuifungua. Nilimwomba kaka Bashiru tuifute video, akacheka, "We Shamsa, hujui kazi. Watu wakigombana ndiyo wanatazama. Ukiifuta, barua yako ya kumaliza field ujisainie mwenyewe." Mama, nimwandikie babu nini ili moyo wake utulie, bila mambo kuwa makubwa?*

*Shamsa, Mkuyuni*

Marahaba, Shamsa.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai kwanza. Sasa nakujibu. Usimwandikie babu kitu chochote. Na mambo yameshakuwa makubwa, isipokuwa hayajakufikia wewe bado. Yamemfikia mzee aliyekaa Misungwi akijihesabia makosa ambayo hakuyafanya.

Tuanze na heshima, maana umeitaja kama kinga. Kumkatiza mzee ni jambo moja, kumwomba arudie ni jambo jingine kabisa, na ninashangaa kuona vijana mnaojua kuendesha mitambo ya kila aina hamjui tofauti hiyo. Hebu fikiria kazi ya mzee huyu. Kiongozi wa ngoma ya majembe akisikia mmoja ameacha mdundo, husimamisha safu nzima na wimbo huanza upya, na hakuna anayenuna. Amekuwa akiwarudisha watu mwanzo tangu kabla mama yako hajaolewa. Ungemwambia, "Babu, unisamehe, spika zinatuzidi, tusogee kule nyuma uniambie tena," angeinuka kabla yako. Badala yake ulimwacha mtu mzima aongee na kelele, ukimwitikia kana kwamba unamsikia. Halafu, kwa heshima hiyohiyo, ukamtia kinywani jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Najua ulibanwa. Bosi anataka video leo, wewe ni mwanafunzi, na jibu zuri lilikwisha kumezwa na muziki. Kama ungeishia hapo ningekuhurumia zaidi. Lakini Sabina alikupigia. Alikufungulia mlango kabisa, akakuuliza swali jepesi la ndiyo au hapana, nawe ukajificha nyuma ya kamera: ndivyo ilivyorekodiwa. Haikurekodiwa hivyo, na wewe ndiye pekee uliyekuwa unajua. Kisha ukamtumia maneno ya tangazo la maji kukatika. Usumbufu haukujitokeza, binti. Ulikaa kitini, ukavaa spika za masikioni, ukautengeneza.

Kaka Bashiru hakuniandikia, kwa hiyo yangu kwake nayameza. Lakini barua yako haisemi kama anajua kwamba swali lilibadilishwa. Mwambie wazi, neno kwa neno, kwamba jina la ofisi yake liko juu ya uongo. Kisha mweleze msimamizi wako wa chuo kabla hajaelezwa na mwingine. Sikuahidi kwamba barua utaipata. Huenda ukairudia field yote mahali pengine, na itauma. Ila ukiipata kwa kunyamaza, utakuwa umesainiwa kwamba kazi hii unaiweza, na wewe unajua bado huiwezi.

Mwisho wa wiki nenda Misungwi na rekodi yote kama ilivyotoka kwenye kamera. Wakalishe babu na mjukuu pamoja, uwasikilizishe swali lako la kweli na jibu lake, pamoja na jembe na kofia. Wasikilizishe na ile sehemu ya kelele. Usione aibu nayo. Sabina amsikie babu yake akipandisha sauti, akishindana na spika zenu, kwa sababu tu alitaka kumsifu. Babu akikubali, mrekodi upya palepale nyumbani kwake, na safari hii ukishindwa kumsikia, sema. Video hiyo mpya ieleze waziwazi kwamba ya kwanza ilipotoshwa, na nani aliyeipotosha. Michembe usiitupe wala usiirudishe. Utaipika ukishatoka kwake.

Lakini hiyo ni safari ya mwisho wa wiki, na mzee hapaswi kulala tena akijiuliza alikosea nini. Leo, kabla hujaingia ofisini, mpigie Sabina, ambaye ndiye wa kumfikishia babu, umwambie: "Babu yako hakusema vile. Swali nililibadilisha mimi."