Gemu ya hoteli

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Leo nimempelekea kaka ile gemu yetu ya utotoni, ya mpishi aliyefungiwa hotelini na maiti zinazotembea. Ile iliyokosa wanunuzi mpaka muuzaji akatupa bure. Na mdomo wangu huu nikamringia wifi, "Utaona, hii itamrudisha."

Unajua tangu aanguke kazini akaumia kichwa, miezi saba sasa, hajanitambua hata siku moja.

Nikawasha. Shoga, vidole vyake vilikumbuka! Akajificha nyuma ya majokofu, akabania risasi zake tatu, akavuka korido ya chini bila kuguswa. Wifi akaanza kulia kwa furaha.

Halafu akasimamisha gemu, akanigeukia kwa adabu. Ile adabu ya kuongea na mgeni.

"Dada, nina mdogo wangu wa kike anaipenda sana hii. Mwoga huyo! Anafumba macho, mimi ndiye namvusha."

Nikamwambia, "Kaka, ndiye mimi."

Nikarudia. "Ndiye mimi, kaka!" Nikamshika mkono.

Akauchomoa. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akamwita mkewe, "Huyu anataka nini kwangu?" Maiti zote zile hazikumtisha. Mimi ndiye nimemtisha.

Wifi akasema taratibu, "Usije tena kwanza, wifi yangu. Mpaka nikuite."

Nimejifungia chooni kwao. Namsikia kaka sebuleni anauliza kama yule mgeni ameshaondoka. Sasa natokaje humu?