Uliposimama Mahali pa Malkia

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za wifi yako, na za wanao wa huku, ambao kila mmoja alitaka jina lake litangulie kwa shangazi, mpaka nikaamua nisiandike hata moja. Sisi hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Je, hilo goti? Mwanao mkubwa amekuchongea kwangu kwamba bado unapanda ngazi za duka lako mara kumi kwa siku, na kwamba ukikumbushwa maneno ya daktari unajibu kuwa daktari hajawahi kushona hata kifungo. Nilicheka, lakini uhurumie mguu, mdogo wangu. Hauna vipuri.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunapigiana simu kila Jumapili. Yapo mambo ambayo simu haiyawezi. Kwenye simu wewe unacheka upesi, nami nakimbilia kicheko chako, tunaagana kabla sijasema lililonifanya nipige. Nimejaribu Jumapili nne mfululizo. Sasa nimekaa mezani, nimefunga mlango.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ghala la filamu za zamani. Jengo linabomolewa, na msimamizi alihitaji mtu wa enzi zile atambue makopo yaliyopoteza majina. Nilikaa siku tatu kwenye kiti cha plastiki nikifungua kopo baada ya kopo. Filamu ikizeeka hunuka siki, na siku ya pili nilikuwa nanuka siki mpaka wifi yako akaniuliza kama nimeajiriwa kutengeneza achari. Siku ya tatu nikashika kopo dogo lenye mwandiko wa Jicho, yule mpiga picha wetu aliyekuwa akitembea amefinya jicho moja hata akiwa hana kamera. Aliandika: “Majaribio ya taa. Usiku wa nne.” Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa changu.

Bila shaka unaukumbuka mwaka ule. Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto, nawe ulikuwa umeacha kazi ya kiwandani ili umtunze, ukawa unashona nguo za majirani pale ukumbini huku mlango wa chumba chake ukiwa wazi. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa fundi mkuu wa taa. Mwongozaji alikuwa Bi Tena. Sidhani hata wewe ulipata kulijua jina lake halisi; sote tulimwita hivyo kwa sababu hakuna alichokiona kimetosha mara ya kwanza. Jicho alikuwa akisema kwamba siku ya harusi ya Bi Tena, alipoulizwa kama amekubali, alimwambia aliyemwuliza aulize tena.

Tulikuwa na usiku tano wa kupiga picha nje, kwenye ule mtaa wa maduka yaliyofungwa nyuma ya gereji ya mabasi. Mwanamke anatoka nyumbani kwake, anapita mtaa mzima, anavuka kidaraja, anapotea. Mwigizaji tulimwita Malkia, naye alistahili, ila Malkia hasimami. Kupanga taa za usiku huchukua saa mbili, tatu, na lazima pawe na mtu amesimama palepale atakaposimama mwigizaji, wa kimo kilekile na rangi ileile ya ngozi, maana taa inayompendeza mtu mweupe humfuta kabisa mtu mweusi. Bi Tena akauliza nani anamjua mwanamke mrefu, mweusi hasa, anayeweza kukaa kimya. Nikasema mrefu na mweusi ninaye nyumbani. Hilo la tatu sikuahidi.

Ulikuja na nguo zako za kushona ndani ya mfuko, ukidhani utapata kiti. Mama alibaki na jirani, na alikuambia ukaone ulimwengu halafu urudi umsimulie. Vijana wa taa walikupa jina usiku uleule wa kwanza: Badala. Badala sogea, Badala inua kidevu. Ulikuwa unacheka. Nami nilicheka pamoja nao.

Watu hudhani usiku wa sinema hupatikana kwa kuzima taa. Ukizima taa kamera haioni kitu. Usiku lazima uutengeneze. Tuliweka taa kubwa juu ya mnara wa mabomba mwisho wa mtaa, tukaifunika karatasi ya bluu, ndiyo ikawa mwezi. Lori la maji lilipita likilowesha barabara ili lami ing'ae, maana lami kavu hunywa mwanga wote. Jenereta tuliificha mitaa miwili mbali ili isingurume ndani ya maneno ya watu. Halafu, kuanzia usiku wa pili, wakaja kumbikumbi. Walitua kwenye taa, kwenye nywele zako, kwenye lenzi ya Jicho. Bi Tena alifungua mdomo kusema neno lake, akala mmoja. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekubali kitu bila kurudia.

Lakini tatizo letu lilikuwa uso. Mwezi wetu ulikuwa nyuma yako. Ulichora mabega na nywele vizuri sana, na uso ukawa shimo. Jicho alikuwa akisoma kipimo chake cha mwanga na kutikisa kichwa. Nikikupiga taa ya mbele, unang'aa kama sahani na usiku unakufa. Tulihangaika hivyo usiku mbili. Wa tatu nilitoka nyumbani na shuka la Mama, lile jeupe pana, nikalitundika ukutani upande wa pili wa barabara nje ya picha, nikaielekeza taa ndogo kwenye shuka badala ya kwako. Mwanga ukalowa kwenye kitambaa kwanza, halafu ukakujia taratibu. Uso wako ukatokea ndani ya giza, pole pole, mashavu kwanza, halafu macho. Wewe ukauliza kwa sauti kama lile si shuka lenye kiraka ulichokitia juzi, na Mama amelalia nini.

Shuka lile limenilisha, mdogo wangu. Kwa miaka mingi watu wa kazi yetu wamenipigia simu kuniuliza nawashaje uso mweusi usiku, nami nimewafundisha vijana wengi, nikasimama mbele yao nikielezea kitambaa, umbali, pembe. Sikuwahi kuwaambia nilijifunzia usoni mwa nani.

Usiku wa nne Malkia alipatwa na homa. Bi Tena alitaka angalau picha ya mbali, ya mgongoni, mwanamke akienda zake mpaka kidarajani. Wakakuvika gauni lake. Lilipwaya kiunoni, ukalitia pini mwenyewe kwa dakika moja. Ukatembea. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye filamu, na unakumbuka tulivyompeleka Mama kuiona, tukamsukuma kwa kiti mpaka safu ya mwisho. Ulipotokea umeupa ukumbi mgongo, yeye, aliyekuwa akitamka maneno mawili kwa siku, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, “Huyo wangu.” Mtu wa mbele akageuka kumnyamazisha. Mama akamwambia tena.

Jambo ambalo huenda hulikumbuki ni lile lililotokea ulipofika kidarajani. Uliambiwa uendelee kutembea mpaka usikie sauti. Wewe ukasimama. Ukageuka, ukautazama mtaa wote, nyumba moja moja, kama mtu anayehesabu alichoacha, kisha ukajifuta mkono kwenye gauni na kuendelea. Bi Tena hakusema kata. Jicho hakuzima kamera. Baadaye uliomba radhi, ukasema ulidhani umesikia jina lako.

Kipande hicho ndicho kilichomo ndani ya kopo. Kimedumu. Nilikitazama peke yangu kwenye mashine ya ghalani, dakika sita, kuanzia vijana wanapokusogeza huku na huku mpaka pale unapogeuka. Una miaka ishirini na sita. Nimewawashia taa waigizaji wengi, mdogo wangu, na sisemi haya kwa sababu ni damu yangu. Nilizima mashine nikakaa. Msimamizi alikuja kuuliza kama naumwa.

Sasa nafika pale ninapopakimbia.

Alfajiri ile, wewe ulipokuwa ndani ukivua gauni, Bi Tena alinivuta nyuma ya lori la taa. Akaniambia kwamba kwa miezi minane alikuwa akimtafuta mwanamke wa filamu yake inayofuata, na kwamba amempata usiku huu. Alikutaka wewe. Si mahali pa mtu. Nafasi yako mwenyewe, ile kubwa. Ilikuwa kazi ya nusu mwaka, mbali na nyumbani, pamoja na mwalimu wa kukufundisha. Akasema hapendi kumrukia binti wa watu, akaniomba mimi kaka mtu nimfungulie mlango aongee nawe.

Nikamwambia umeposwa, na mchumba hataki mambo ya sinema. Hukuwa umeposwa. Marehemu shemeji yangu alikuja na saa zake mbovu za kutengeneza na maneno yake matamu miaka mitatu baada ya hapo.

Bi Tena akaniangalia. Akauliza, “Amesema mwenyewe?”

Nikajibu, “Amesema mwenyewe.”

Na yeye, ambaye alirudia kila kitu, hilo hakulirudia.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilifanya vile kwa ajili ya Mama. Si kweli, na umri huu sina nguvu tena za kuubeba huo uongo. Siku moja kabla, Bi Tena alikuwa ameshanichukua mimi kwa filamu hiyohiyo. Tungeondoka sote wawili, nani angemgeuza Mama kitandani? Mmoja alipaswa kubaki, nami nikachagua ni nani, kisha nikaficha kwamba kulikuwa na kuchagua. Njiani kurudi uliniuliza kama Bi Tena amesema chochote kuhusu wewe. Ulikuwa unatazama dirishani. Nikakujibu kwamba amesema umefanya kazi vizuri na anakushukuru. Ukasema, “Haya.” Tulipofika ukatoa lile shuka, ukalikung'uta kumbikumbi, ukamtandikia Mama.

Mimi nikaenda. Ulimuuguza Mama miaka tisa. Kila niliporudi na mizigo na hadithi, ulinipokea, ukanipikia, ukaniomba nikusimulie. Na siku ya mazishi ukawaambia watu kwamba kaka yako hakuwahi kuwasahau, wewe na Mama, hata alipokuwa mbali. Nilisimama pale nikapokea mikono ya pole. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka thelathini na mmoja, na bado naona kama nimefika mapema kuliko nilivyotaka.

Sijui ungekuwa nani. Pengine filamu ile ingeanguka, au ungechoka ukarudi nyumbani baada ya wiki mbili. Pengine ungekataa mwenyewe, kwa sababu ya Mama, nami ningekuwa mtu mwenye dada mwema badala ya kuwa mwizi. Ninalojua ni kwamba jibu lilikuwa lako, na nililitoa mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bi Tena. Anakaribia miaka themanini, anatembea kwa fimbo, na bado anafanya kazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti mpaka nilipomaliza. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama unajua. Nikasema bado. Akaniambia nikuambie kwanza, halafu ndipo aniseme vizuri. Kisha, nilipokuwa mlangoni, akasema ana filamu fupi anaiandaa, na ndani yake kuna mwanamke wa makamo anayemsubiri mtu nje ya nyumba yake usiku kucha. Hajampata. Hakuahidi kitu, nami siahidi kitu. Alisema angependa kusikia sauti yako. Nimempa namba yako. Aliniuliza, “Unadhani atakubali?” Nikamjibu, “Sijui, kwa sababu sijawahi kumuuliza.”

Atasubiri wiki mbili ili barua hii itangulie. Akipiga, mjibu unavyotaka. Ukiona vema usipokee kabisa, ni haki yako. Taa za filamu hiyo atawasha mtu mwingine. Mimi nimekwisha kumwambia kwamba sitakuwepo, ili usije ukanifikiria mimi.

Ndani ya bahasha kuna kifaa kidogo kuliko kifungo cha koti. Mwanao atajua pa kukichomeka. Ni zile dakika sita. Zitazame peke yako kwanza.

Sikuombi msamaha kwa barua, maana barua haimwangalii mtu usoni. Nitakuja mwisho wa mwezi. Ukitaka nisije, nitumie neno moja tu, nitaelewa. Ukitaka kunigombeza kabla ya hapo, usingoje Jumapili.

Wasalimie wanao wote. Ukiona inafaa wasomee barua hii, wamjue mjomba wao. Ukiona haifai, waambie tu anawasalimu. Wifi yako anakukumbatia. Yeye nilimwambia jana, na leo hajaniambia neno, hata la kunigombeza.

Ni mimi, kaka yako.